Ukaguzi wa Baba Salwa

Mohoro,
19 Januari 2025

Mwalimu Ashura Zaidi,
Mwalimu wa Hesabu na Michezo,
Kibiti.

Assalamu alaikum.

Mimi ni Mshamu Kibwana, baba yake Salwa wa kidato cha tatu. Hatujaonana. Simu ninayo na namba yako ninayo, lakini jambo la mtoto napenda liwe kwenye karatasi, nikisahau nilichosema nipate mahali pa kukisoma. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, ataiacha getini kwenu.

Siku Salwa alipokuwa anafunga tranka kurudi shule, nilikuta chini ya sare zake vitabu vitatu vya katuni. Nikaviondoa. Hakusema kitu, nami sikusema kitu, akapanda gari. Humo ndani kuna vijana wa Kijapani wenye nywele zilizosimama kama miiba ya nungunungu. Wamevaa kaptura, wanarukiana na kugombea mpira, jasho linaruka ukurasa mzima. Kwenye jalada la ndani kuna jina lako.

Mimi ni mkulima wa mpunga. Huyu ndiye mtoto wa kwanza kwetu kuvuka kidato cha pili, na nimemleta huko asome sayansi. Naomba nijue mambo mawili. Kwanza, hivi vitabu ni vya somo gani. Pili, kama ni kweli nilivyosikia kwa watu kwamba binti yangu anacheza mpira, anacheza amevaa nini.

Vitabu ninavyo. Viko salama.

Mshamu Kibwana


Kibiti,
27 Januari 2025

Mzee wangu Mshamu,

Waalaikum salaam, na shikamoo.

Barua yako nimeipata, na nakushukuru kwa kuniuliza mimi badala ya kuendelea kuwauliza watu. Nianze na swali la pili kwa sababu ndilo jepesi. Salwa anacheza mpira wa kikapu tangu mwaka jana, jioni, siku tatu kwa wiki, ndani ya uzio wa shule. Anavaa suruali ndefu ya michezo, fulana ya mikono mirefu na mtandio wa kubana. Wote wanavaa hivyo, na mimi mwenyewe navaa hivyo. Muhula uliopita alikuwa wa pili darasani kwenye Hesabu. Mpira haujamchukulia kitu.

Vitabu si vya somo. Ni vyangu, nilivinunua vya mtumba Kariakoo nikiwa chuoni. Ni hadithi ya timu ya shule moja katika mji wa wavuvi, timu ambayo hakuna anayeitegemea. Nimesoma vitabu vya kufundisha mchezo huu, vile vyenye mishale na duara, vinavyokuonesha mchezaji asimame wapi. Hivi vya katuni vinakuonesha kwa nini amesimama pale, amemwacha nani nyumbani, na anamwogopa nani. Ukifika mwisho umewajua watu, na mchezo umeujua bila kufundishwa. Ndiyo maana nawapa wasichana wangu.

Kiingereza chake ni kigumu kwa watoto wa kidato cha kwanza, kwa hiyo Salwa amewaandikia Kiswahili kwa penseli pembeni ya kila picha. Mwandiko utakaoukuta humo ni wa binti yako.

Nina ombi moja. Kabla hujavirudisha wala kuvichoma, visome. Ukiviona vibaya, niandikie na nitakubali. Vinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Wasichana walihangaika na jambo hilo wiki nzima.

Wako katika kazi,
Ashura Zaidi


Mohoro,
16 Februari 2025

Mwalimu Ashura,

Marahaba.

Mimi sikuhangaika. Nilivifungua kutoka kulia, kama nilivyofundishwa utotoni kufungua vitabu vya Kiarabu chuoni kwa marehemu maalimu wangu, vikasomeka.

Nimevikagua vyote vitatu, na matokeo ni haya. Kaptura ni fupi mno. Yule mfupi, Nishi, anamjibu kocha wake ovyo na hakuna anayemkemea. Kwenye kitabu cha pili mechi moja imekula kurasa themanini, na nyingi ya hizo mpira uko hewani. Nilidhani mchapaji karudia kurasa, nikarudi nyuma nikaangalia moja moja. Hakurudia. Kijana karuka, na kabla hajatua tumeoneshwa anavyobeba makasha ya samaki na baba yake alfajiri, mikono ilivyopata nguvu, na kwamba baba huyo hajawahi kwenda kumtazama akicheza. Kisha akatua. Pumzi nilikuwa nimeizuia, sikujua.

Jambo jingine ni ule mwandiko. Salwa nyumbani ni mtoto wa "ndiyo, baba" na "hapana, baba." Humo ameandika maneno ya mtu mwenye hasira, ya mtu mwenye wivu, ya mtu mwenye utani mbaya, na kila mmoja namsikia sauti yake. Sikujua kama anayo maneno hayo.

Ukaguzi haujakamilika, kwa sababu kitabu cha tatu kimeishia njiani. Isamu, yule mkubwa wao, ameambiwa akae benchi na nafasi yake aichukue Kenta, yule mbeba samaki. Ukurasa wa mwisho Isamu anafunga kamba za viatu tu. Siwezi kutoa hukumu kwa shauri lililokatika. Naomba kitabu cha nne.

Usimwambie Salwa. Mzazi akimnyang'anya mtoto kitu, kisha akaonekana anakifurahia, malezi yameharibika.

Mshamu Kibwana


Kibiti,
24 Februari 2025

Mzee wangu Mshamu,

Shikamoo. Nakutumia cha nne mpaka cha saba, nimevifunga kwenye gazeti na kamba. Salwa alishaviandikia vyote penseli.

Sitamwambia. Lakini nikueleze hali ilivyo huku: karibu kila Jumamosi ananiuliza kama umeandika, nami namjibu, "Tunaendelea kuzungumza." Ananitazama kama mtu anayengojea matokeo ya kipimo. Sipendi kumficha, ila wewe ndiye baba, na nimekuahidi.

Kuhusu Nishi, subiri. Atakemewa.

Ashura Zaidi


Mohoro,
21 Machi 2025

Mwalimu Ashura,

Ramadhani karimu.

Mwezi huu nikitoka shamba baada ya alasiri nakaa barazani na vitabu vyako mpaka futari. Mama Salwa alianza kwa kunicheka. Sasa namsomea kwa sauti huku anapepeta mchele, na nikinyamaza anauliza, "Isamu kafanyaje?" Jana nilimwambia Isamu amemfuata Kenta uwanjani peke yao, anamfundisha namna ya kusimama chini ya kikapu asisukumwe. Yaani anamfundisha yule yule aliyemchukulia nafasi. Mama Salwa akaweka ungo chini, akasema, "Mimi nisingeweza."

Nikamwambia, "Mimi sikuweza."

Nikueleze na wewe, maana umenisomesha. Kabla ya daraja nilikuwa fundi wa injini ya pantoni pale Ndundu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na injini ile nikiisikia inakohoa nilijua ni kwa sababu gani. Daraja lilipofunguliwa nilifurahi kama watu wote. Kisha nikakaa ukingoni siku nane natazama magari yanapita juu. Siku ya tisa kijana mmoja wa kwetu akanifuata, amepata nafasi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, anataka nimfundishe injini. Nikamwambia nimesahau. Sikuwa nimesahau. Akaenda akajifunza kwa kuunguza vidole. Mpaka leo tunasali msikiti mmoja na ananipa salamu vizuri kabisa.

Ni miaka ishirini na mbili sikumwambia mtu. Nimesoma kijana wa kuchorwa akifanya jambo nililoshindwa, ndipo nikamwambia mke wangu. Kama ndivyo unavyowafundisha mpira hao wasichana, wafundishe.

Ukaguzi umekwisha, vitabu ni vizuri. Salwa anakuja wiki ijayo kwa ajili ya Idi. Nitavitia kwenye pipa la mpunga mpaka arudi. Nitamwambia mwenyewe, kwa wakati wangu.

Mshamu Kibwana


Kibiti,
14 Aprili 2025

Mzee wangu Mshamu,

Shikamoo, na poleni na mvua.

Naandika kukushukuru. Salwa amerudi na fomu ya ruhusa ya mashindano ikiwa na saini yako. Nilimpa kabla ya likizo nikamwambia akuombe mwenyewe, sikutaka kukusukuma kwa barua. Nimefurahi kwamba mmezungumza.

Jumamosi ya tarehe 17 Mei, saa nne asubuhi, tunacheza hapa hapa Kibiti. Ni mchujo. Timu itakayoshinda inacheza tena Jumamosi inayofuata, na ikishinda tena inakwenda Kibaha kwenye mashindano ya mkoa. Itakayofungwa, msimu wake umeishia hapo. Salwa ni mmoja wa watano wanaoanza. Karibuni sana, wewe na mama.

Ashura Zaidi


Mohoro,
20 Aprili 2025

Mwanangu Salwa,

Sisi hatujambo. Maji yamepanda lakini hayajafika kwetu.

Mwalimu wako ameniandikia barua ya kunishukuru kwa fomu niliyosaini. Fomu hiyo mimi sijaiona. Ulikaa hapa siku kumi, tulikula Idi pamoja, nilikuona unapita mlangoni kwangu mara tatu bila kuingia nikadhani unatafuta kandambili.

Mwalimu sijamwambia wala sitamwambia. Utamwambia wewe, ndani ya wiki hii, kwa mdomo wako, ukiwa umesimama mbele yake. Ukishamwambia uniandikie alilosema.

Halafu unijibu swali moja tu. Kwa nini hukuniuliza?

Baba yako,
Mshamu


Kibiti,
28 Aprili 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Namwamkia na mama.

Nimemwambia Jumatano baada ya mazoezi. Nilisubiri wenzangu waondoke. Nikasema, "Mwalimu, saini ile niliweka mimi." Alikuwa anakusanya mipira, akaendelea kuikusanya mpaka ikaisha, ndipo akasema, "Tarehe kumi na saba hutacheza. Fomu nitaipeleka kwa baba yako upya." Sikumwomba anisamehe mechi hiyo kwa sababu nilijua hatakubali, na mimi ningekuwa yeye nisingekubali.

Nafasi yangu amepewa Mwantumu wa kidato cha kwanza. Ana mwezi wa tatu tu tangu aguse mpira. Mrefu, lakini mpira ukimjia anafumba macho. Wenzangu hawajanigombeza, na hilo ndilo linaniuma. Ningependa wanigombeze.

Umeuliza kwa nini sikukuuliza. Januari ulitoa vile vitabu kwenye tranka langu hukusema hata neno moja. Ungesema kitu, hata cha ukali, ningejua pa kuanzia. Niliporudi kwa Idi nilivitafuta nyumba nzima nimrudishie mwalimu, sikuviona, nikajua umevitupa. Mtu aliyetupa vitabu vya mpira ningemwombaje ruhusa ya mpira? Mara zote tatu nilizopita mlangoni nilikuwa na fomu mkononi. Kukatazwa nisingelia sana. Nilichokuwa naogopa ni kukuona uso wako wakati unanikataza.

Nimekosa, baba. Sisemi haya kujitetea.

Mwanao,
Salwa


Mohoro,
3 Mei 2025

Mwalimu Ashura,

Salwa amekwambia, nami nimeshajua aliyokueleza na uliyomjibu. Nakuandikia kumwombea.

Kosa ni lake, lakini mzizi wake ni mimi. Nilivipenda vitabu nikavificha kwenye pipa, mtoto akavitafuta, akaamua nimevitupa. Laiti angenikuta nimelala na cha sita usoni, angeingia na fomu yake ningesaini kabla hajamaliza sentensi. Nilijifanya mlinzi wa mlango ambao nilishaufungua zamani. Sasa adhabu anaibeba yeye peke yake, na timu nzima inaibeba pamoja naye, kwa kuwa huyo Mwantumu nasikia anafumba macho.

Naomba umrudishe, hata kwa nusu ya pili. Fomu halisi nimeiambatanisha, nimeisaini mbele ya mama yake.

Kumbuka kitabu cha tano. Isamu alimtukana mwamuzi na bado kocha alimwingiza mwishoni, wakashinda.

Mshamu Kibwana


Kibiti,
8 Mei 2025

Mzee wangu Mshamu,

Shikamoo. Fomu nimeipokea. Itatumika kuanzia tarehe 24, kama tutakuwa bado tumo.

Tarehe 17 hachezi. Nimelala na barua yako siku mbili kabla ya kuandika hivi, kwa sababu najua ilivyokugharimu. Lakini wasichana kumi na mmoja wengine walikwenda kwa baba zao na mama zao kuomba. Wawili walikatazwa, wakanirudishia fomu tupu huku wanalia. Nikimwingiza Salwa, hao wawili nitawaambia nini?

Na kitabu cha tano ukisome tena, Mzee wangu, taratibu. Kocha alimwingiza Isamu na wakashinda, ni kweli. Kwenye kitabu cha sita, nani alikuja kumtukana mwamuzi? Ni wale wadogo, kwa sababu walimwona mkubwa wao akifanya na hakufanywa kitu.

Salwa atakuwepo benchi na chupa za maji. Tunaweza kufungwa. Nimelikubali hilo na nimewaambia wasichana wote, na yeye akiwepo.

Nilinyamaza kwa sababu uliniomba, na naona kunyamaza kwangu nako kumechangia. Niruhusu nimwambie kuhusu vitabu.

Ashura Zaidi


Mohoro,
11 Mei 2025

Mwalimu Ashura,

Nimekisoma tena, cha tano na cha sita. Umenishinda.

Kuhusu vitabu, niachie. Nitamwambia mimi.

Mshamu Kibwana


Mohoro,
18 Mei 2025

Mwanangu Salwa,

Jana tulikuwa Kibiti, mimi na mama yako. Hukutuona. Tulikaa nyuma ya wazazi waliokuja na mwavuli mkubwa, upande wa jikoni.

Kabla sijasema mengine, nina jambo lako la Januari. Vitabu sikuvitupa. Nimevisoma vyote vitatu, kisha nikamwomba mwalimu vingine vinne nikavisoma navyo, na mama yako nimemsomea. Tulikaa Ramadhani nzima na Isamu na Kenta kama majirani. Ulipokuja kwa Idi vilikuwa kwenye pipa la mpunga, hatua nne kutoka kitandani kwako. Nilimkataza mwalimu asikwambie. Niliona aibu, sina sababu nyingine niliyoitafuta nikaipata. Ulikuwa na haki ya kuniuliza na mimi nikaurudisha mlango ambao hukujua kwamba uko wazi. Kosa la saini ni lako na umelilipia. Hili ni langu, na nakuomba radhi.

Sasa nikueleze nilichokiona, maana wewe ulikuwa ndani yake na nadhani hukukiona.

Nilifika nimejiandaa kuona mtoto aliyenuna. Mwamuzi akapuliza filimbi, wenzako wakaingia, wewe ukakaa na chupa zako. Dakika ya kwanza tu mpira ukamjia Mwantumu, akafumba macho kweli, ukampiga begani ukatoka nje. Watu wakacheka. Hapo ukasimama. Hukukaa tena mpaka mwisho. Nilikuwa nasikia sauti, nikamwuliza mama yako, "Nani huyo anayepiga kelele?" Akaniambia, "Mwanao." Sikuijua sauti yako. Miaka kumi na saba nakaa nawe, sikuwahi kuisikia ikiwa juu hivyo.

Ulikuwa unamwambia, "Mwantumu, kushoto. Mwantumu, nyuma yako. Usiutazame mpira, mtazame aliyeushika." Kila alipotoka kupumzika ulimpa maji, ukamshika mabega ukamwonesha kwa mikono. Mara moja nilikuona umechora kitu kwenye saruji kwa maji ya chupa, mkakiinamia wawili, na kabla hakijakauka akarudi ndani. Tulikuwa nyuma kwa pointi tisa. Robo ya tatu tukawa nyuma kwa nne. Mama yako alikuwa ameshaacha kukaa, na waliokuwa nyuma yetu walituomba tukae, tukawaambia watusamehe.

Mwisho unaujua. Yule mtoto kasimama chini ya kikapu, wa upande wa pili wawili wanamsukuma, hakuyumba, kauchukua mpira macho yamefunguka kabisa, kamrushia mwenzake, naye kafunga. Pointi moja mbele. Filimbi.

Wote walimkimbilia Mwantumu, wakamwinua. Ilikuwa haki yake. Mimi nilikuwa nakutazama wewe. Ulipiga makofi, kisha ukaanza kuokota chupa. Zilikuwa zimetawanyika mpaka nyuma ya nguzo ya kikapu. Ulipofika pale ambapo hakuna mtu ukainama ukajifuta uso kwa mkono wa fulana. Sijui lilikuwa jasho au nini, wala sikuulizi. Wameshinda bila wewe, na ulichangia kuhakikisha wanashinda bila wewe, na hayo mambo mawili kuyabeba kwa wakati mmoja si mepesi. Mimi nilipewa la kwanza tu nikiwa na miaka ishirini na tisa, la pili likanishinda. Nitakuhadithia siku nyingine, mama yako anayajua.

Nilisimama nivuke uwanja nije kwako. Mama yako akanishika mkono. Akasema, "Mwache amalize kuokota."

Tukangoja. Ulipookota ya mwisho mwalimu akawaita, mkaingia ndani kubadili nguo, na basi letu lilikuwa limeshawasha injini. Kwa hiyo tumeondoka bila kukusalimia, na njia nzima mpaka Ndundu mama yako hakunisemesha kwa kuniona nimekosea kumsikiliza.

Jumamosi tutakuja na basi la mapema na kurudi kesho yake, tumeshapata pa kulala kwa shemeji yangu hapo Kibiti. Mwalimu anasema utaanza. Ukianza tutakuwepo, ukikaa benchi tutakuwepo, na filimbi ikilia safari hii navuka uwanja, hata chupa ziwe bado chini. Nitakusaidia kuziokota.

Baba yako,
Mshamu